Waliojaribu Kuingia Wakashindwa

Mlinzi wa ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, akiandika katika daftari lake wale tu walioingia, tajiri wake hatapata kamwe habari za mtu aliyefika saa nane za usiku, akajaribu funguo tano katika kufuli, akashindwa, akaenda zake. Na huyo ndiye mtu ambaye tajiri angependa zaidi kumjua, kwa sababu usiku wa pili anaweza kurudi na ufunguo wa sita.

Seva ya hifadhidata, yaani kompyuta itunzayo taarifa za watu wengi mahali pamoja na kuzitoa kwa wenye ruhusa, nayo ina mlango na kufuli. Ufunguo wake ni jina la mtumiaji pamoja na neno la siri. Daftari lipo pia. SQL Server ya Microsoft huandika majaribio yaliyoshindwa hata kabla msimamizi hajagusa chochote. PostgreSQL nayo huandika kila mara neno la siri linapokataliwa. Oracle humrudishia aliyekosea ujumbe wenye namba ORA-01017, na kwa desturi humfungia mtumiaji akikosea mara 10 mfululizo. Basi upungufu hauko katika mashine. Uko kwa watu: daftari huandikwa usiku na mchana, na mara nyingi hakuna alisomaye.

Uchukuliwe mfano wa chama cha akiba na mikopo cha wachuuzi wa dagaa. Fedha walizozipata kwa jasho sasa ni tarakimu ndani ya seva. Karani akikosea mara mbili asubuhi ya Jumatatu, kisha akaingia, hilo ni kosa la vidole tu. Jina moja likikataliwa kila dakika, kwa usawa kama mapigo ya saa, mchana kutwa na usiku kucha, huenda ni programu iliyosahauliwa, ingali inatumia neno la siri la zamani. Lakini majina 30 yakijaribiwa mara moja moja kutoka anwani moja, huyo ni mtu anayekisia neno moja jepesi kwa watu wote, naye hukwepa kufungiwa kwa sababu hakosei mara nyingi kwa jina lolote. La kutisha zaidi ni makosa mengi yanayofuatwa na kufaulu kumoja. Hapo daftari la walioshindwa halitoshi peke yake. Sharti lisomwe pamoja na lile la walioingia.

Kazi hii ni ya kuhesabu na kupanga, na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefundishwa takwimu vizuri anaiweza.

Wapo wasemao kwamba jaribio lililoshindwa halina madhara, kwani kufuli limekwisha fanya kazi yake. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, mwanafalaki Clifford Stoll alipewa kazi ya kutafuta upungufu wa senti 75 katika hesabu za matumizi ya kompyuta. Alimgundua mvamizi, ambaye baadaye alijulikana kuwa Markus Hess wa Ujerumani Magharibi, akiitumia maabara hiyo kugonga milango ya kompyuta za jeshi. Zilizojaribiwa zilikuwa kiasi cha 450, na zaidi ya 30 zikafunguka. Milango iliyogoma ilikuwa mingi kuliko iliyokubali, lakini ni wasimamizi wachache tu waliotambua kwamba mtu alikuwa akigonga.

Swali gumu zaidi ni nani asome. Si busara mtu yule yule aitunzaye seva awe pia msomaji wa daftari na mwenye uwezo wa kulifuta, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Nakala yafaa ipelekwe papo hapo kwenye mashine nyingine asiyoitawala. Tanzania imeharamisha kuingia katika kompyuta bila ruhusa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huo huo inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, itazame jinsi ulivyotunzwa. Daftari ambalo mshukiwa angeweza kulifuta litamsaidia nani mbele ya hakimu?

Iko hatari moja ambayo wengi hawaifikirii. Mtumiaji mwenye haraka huandika neno lake la siri katika nafasi ya jina. Seva hulikataa, kisha huliandika daftarini kama jina lisilojulikana, wazi kabisa, na mara nyingi mstari unaofuata huonyesha jina la kweli la mtu huyo akiingia salama. Kwa hiyo daftari lenyewe nalo lifungiwe, lisomwe na wachache, na msomaji akiona mistari miwili ya namna hiyo amwarifu mwenyewe abadilishe neno lake siku hiyo hiyo.