Huna maabara? Nenda kwa fundi wa simu

Kama ulifanya fizikia hadi kidato cha nne, bila shaka unaikumbuka mada ya athari ya fotoelektriki. Huja mwisho mwisho, baada ya eksirei, wakati mwalimu anakimbizana na silabasi na mtihani uko mlangoni. Sisi tulifundishwa ubaoni, kipindi kimoja. Bamba la zinki likachorwa, mishale ikachorwa, fomula ikaandikwa, kisha tukaambiwa tukariri. Tukakariri. Hakuna aliyeona elektroni ikifukuzwa popote, na hakuna aliyeuliza.

Hiyo ndiyo hali ya shule nyingi za Kibera na Kawangware, na wewe unayesoma hapo unajua sidanganyi. Maabara ni meza mbili na beseni. Halafu mtoto akifika mahali pa kuchagua masomo anaambiwa fizikia ni ngumu, achukue kitu kingine. Na hawa wa CBE wanachagua mkondo mapema zaidi, kabla ya kuingia Gredi ya 10. Ukiiacha fizikia hapo, uhandisi umeaga. Hata kozi nyingi za umeme zitakuuliza gredi yako ya fizikia. Kwa hivyo mchezo huu wa kukariri una gharama, na anayeilipa si mwalimu.

Mimi nasema hivi: mada hii tunaifanya ngumu bure. Acha nikueleze kwa lugha ya steji.

Tuseme nauli ya kutoka Kawangware hadi tao leo ni bob 50. Abiria wamekwama stejini, mifuko mitupu. Wanapita wafadhili wakigawa pesa, lakini kuna masharti: kila abiria anapokea mara moja tu, hakuna kuchanga na mwenzako, hakuna kuweka akiba. Wakija wafadhili elfu moja, kila mmoja na sarafu ya 20, nani atapanda? Hakuna. Watu elfu wana sarafu mkononi na bado wamesimama. Sasa aje mfadhili mmoja tu mwenye noti ya 100. Abiria mmoja anapanda papo hapo, na anabaki na chenji ya 50. Wakija wafadhili kumi wenye noti za 100, wanapanda kumi, lakini chenji ya kila mmoja ni ile ile 50.

Abiria ndio elektroni ndani ya chuma. Mfadhili ndiye fotoni, yaani kipande kimoja cha mwanga. Nauli ni nishati ambayo chuma kinadai kabla ya kuiachilia elektroni, na chenji ndiyo mwendo inaoondoka nao. Mwanga mwekundu hugawa sarafu ndogo, buluu kubwa kidogo, miale ya UV hugawa noti. Kuongeza ukali wa taa ni kuongeza wafadhili. Thamani ya kila noti haibadiliki. Hapo umemaliza karibu nusu ya maswali ya KCSE ya mada hii. (Mfano huu una kasoro: konda wa kweli angekubali mchanganyiko wa sarafu, na pengine angekupakia kwa 40 jioni ikifika.)

Usidhani jambo hili lilikuwa rahisi kwa wenyewe. Hertz aliligundua 1887. Mwaka 1902 Lenard akaonyesha kwamba mwanga ukiwa mkali zaidi elektroni haziongezi kasi, na wanafizikia wakakuna vichwa, kwa sababu walijua mwanga ni wimbi, na wimbi linapaswa kusukuma polepole hadi kitu king'oke. Einstein alileta wazo la vipande 1905. Alikuwa na miaka 26, karani katika ofisi ya hataza mjini Bern. Maabara? Hakuwa nayo. Robert Millikan wa Chicago hakuliamini wazo hilo, akapima kwa takriban miaka kumi akitaka kulivunja, na 1916 vipimo vyake vikalikubali. Nobeli ya Einstein ya 1921 ilitajwa kwa hili, si kwa ile nadharia ya uhusianifu anayosifiwa nayo.

Sasa nije kwa kile ninachokudai wewe na mwalimu wako. Tafuta LED mbili, moja ya mwanga mwekundu na nyingine ya buluu, zenye kichwa cha plastiki isiyo na rangi. Luthuli Avenue zimejaa na bei yake ni ya kucheka. Azima mita kwa fundi wa simu yeyote pale Makina au Kawangware 56. Unganisha LED nyekundu na mita, uiweke kwenye volti za DC, zima taa, kisha imulike kwa karibu ukitumia ile ya buluu iliyowashwa kwa betri na rezista. Mita itasoma volti. LED imegeuka kuwa sola ndogo.

Badilisha. Weka ya buluu kwenye mita na uimulike kwa nyekundu. Sifuri. Leta nyekundu tatu, leta leza nyekundu ya kuchezea. Sifuri bado. Fotoni nyekundu ina nishati ya kama elektronivolti 2, na LED ya buluu inadai kama 2.6. Wafadhili wa sarafu tena! Ila usitumie tochi ya simu, kwa sababu mwanga wake mweupe umeficha buluu ndani, utakuharibia jaribio.

Kusema kweli, hapa elektroni haitoki nje kama kwenye bamba la zinki. Inainuliwa ndani ya kioo cha LED. Lakini sheria ni ile ile, fotoni moja kwa elektroni moja, na ndiyo inayoendesha paneli zilizo juu ya mabati ya Gatwekera.

Ukimaliza, chukua ile leza, uielekeze kwenye CD kuukuu, nuru irudi ukutani. Usimwelekeze mtu machoni. Utaona nukta kadhaa zilizoachana badala ya moja, kwa sababu mistari ya CD, iliyoachana maikromita 1.6, inayafanya mawimbi yaongezane hapa na kufutana pale. Mwanga huo huo uliofanya kama sarafu sasa hivi, umefanya kama maji ya Ziwa Victoria. Mwalimu akikuuliza ni wimbi au chembe, una haki ya kumuuliza, "Kwa jaribio gani?" Elektroni nazo ni vivyo hivyo: J. J. Thomson alipata Nobeli ya 1906 kwa kazi iliyozitambulisha kama chembe, na mwanawe G. P. Thomson akapata yake 1937 kwa kuonyesha zinatenda kama mawimbi.

Sisemi serikali isijenge maabara. Ijenge, maana karatasi ya tatu ya KCSE haifanywi kwa CD. Lakini kusubiri jengo ndipo mtoto wa Laini Saba aone fotoni ikikataliwa nauli, hapo sikubali. Mwalimu akisema muda hakuna, mwombe dakika ishirini kabla ya masomo ya jioni, wakati giza linaanza kuingia. Mita irudishe kwa fundi asubuhi.