Mkate wa Waitaliano na Sahani Tuliyoisukuma



Juma hili hatutazungumzia malezi wala mirathi kama tulivyozoea. Tutazungumzia mkate. Na kabla ya mkate tutakiri kosa letu, kwa kuwa kosa hilo ndilo lililotufikisha jikoni.

Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Ramadhani, tulialikwa kufuturu Malindi nyumbani kwa dada yetu. Busati lilitandikwa barazani, na tulikuwa watu kama kumi na wawili: majirani, mashemeji na vijana wa msikitini. Baada ya tende na Sala ya Magharibi vililetwa vyakula tuvijuavyo sote: uji, sambusa, mbaazi za nazi, mahamri, kaimati na samaki wa kupaka. Katikati ya vyakula hivyo mpwa wetu, binti wa dada yetu, akaweka sahani ya mkate ambao hatukupata kuuona. Ulikuwa mnene kiasi cha vidole viwili, uso wake wa rangi ya dhahabu umejaa vishimo, na juu yake majani membamba kama sindano, yenye harufu kali kidogo mfano wa kafuri.

"Ni nini hiki, mwanangu?" tukauliza.

"Ni mkate wa Waitaliano, mjomba. Waitwa fokacha."

Tulijua kwamba binti huyu alikuwa akifanya kazi jikoni katika nyumba ya Waitaliano. Hapo hapo likatujia wazo la mafuta ya nguruwe na la mvinyo. Hatukuuliza neno la pili. Tuliisukuma sahani pembeni kwa mgongo wa mkono, tukasema mbele ya watu wote, "Vya shaka twaviacha." Na kwa kuwa sisi ndio tuliokalishwa mahali pa heshima, mikono mingine yote ikafuata wetu. Sahani ile ilirudi jikoni kama ilivyokuja.

Ilipita miezi miwili. Dada yetu alitupigia simu kwa jambo jingine, na mwisho wa mazungumzo akasema kwa upole, "Mwanao tangu siku ile hajakanda unga humu ndani. Na ile trei aliinunua mpya kwa mshahara wake, kusudi asituokee kwa chombo cha watu."

Neno hilo la trei lilitukosesha usingizi. Binti aliiona shaka yetu kabla yetu sisi, akaitafutia dawa kwa fedha yake. Nasi hatukumpa hata nafasi ya kueleza. Tulipanda gari kwenda Malindi kuomba radhi. Aliinamisha kichwa akasema, "Yamekwisha, mjomba," lakini kwa sauti yake tulijua kwamba hayajaisha. Ndipo tukamwomba jambo la pili: atufundishe mkate ule. Alitutazama kwa muda, kama apimaye iwapo twafanya mzaha, kisha akatuambia tukanawe mikono.

Asili yake

Fokacha ni mkate wa kale wa Italia. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya meko. Tukilifasiri, tungeuita mkate wa mekoni. Sisi wa pwani hatuko mbali na jambo hilo, kwani wazee wetu waliuoka mkate wa mofa katika tanuri la udongo, na hadi leo mkate wa sinia twauita kwa chombo chake.

Fokacha mashuhuri kuliko zote ni ya Genoa, mji wa bandari katika jimbo la Liguria, kaskazini magharibi mwa Italia. Nchi ile ni ukanda mwembamba, milima upande huu na bahari upande huu. Wakulima wamechonga ngazi katika miteremko na kuzikinga kwa kuta za mawe, na katika ngazi hizo hustawi mzeituni. Ndiyo sababu mkate wao haukandwi kwa samli wala siagi, bali kwa mafuta ya zeituni. Watu wa Genoa huula asubuhi, na wengi huuchovya katika kahawa ya maziwa kama sisi tuchovyavyo mahamri katika chai. Wapo wanaougeuza juu chini wanapoutia kinywani, ili chumvi iguse ulimi kwanza.

Kila upande una wake. Huko Recco, karibu na Genoa, hutandaza matandiko mawili membamba yasiyo na hamira na kuweka jibini laini katikati. Bari, kusini kabisa, wengi hukanda unga pamoja na kiazi kilichochemshwa na kupondwa, kisha hupanga juu yake nyanya ndogo na tunda la zeituni. Hapa kwetu mkate huu umefika pamoja na Waitaliano wenyewe. Katika miaka ya 1960 nchi yao ilijenga kituo cha kurushia satelaiti Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Baadaye wakaja watalii, na wengi wakajenga na kukaa. Leo mjini Malindi si ajabu kumsikia muuza matunda akizungumza Kiitaliano. Jikoni mwao wamo mabinti na vijana wetu, nao wamejifunza mengi ambayo sisi majumbani hatujawahi kuwauliza.

Mahali pa tahadhari

Asili ya vyakula ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuviharamisha. Hata hivyo, tahadhari ina mahali pake, na ni wajibu wetu kupataja.

Kwanza ni mafuta. Mkate wa asili wa Genoa ni unga, maji, chumvi, hamira na zeituni. Lakini Waitaliano wana mikate mingine bapa inayofanana nao kwa sura ambayo hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Mmoja ni piadina ya Romagna, ingawa siku hizi wapo wanaoikanda kwa zeituni. Na hata fokacha yenyewe, wako waokaji wanaotia mafuta hayo badala ya zeituni. Pili ni mvinyo mweupe, ambao baadhi ya mapishi huutia katika kinyunya. Tatu ni vinavyowekwa juu, kwani nyama nyembamba za nguruwe ni jambo la kawaida huko. Nne ni mkate wa kununua uliofungwa katika mfuko: soma maandishi yake. Kiungo kama E471 chaweza kutoka katika mimea au katika mafuta ya wanyama, na namba peke yake haikuambii ni kipi.

Shaka hizi zote huondoka kwa mojawapo ya mambo mawili: kumuuliza aliyeuoka, au kuuoka mwenyewe. Sisi tuliyaacha yote mawili.

Namna ya kuuoka

Kwa trei moja ya kiasi cha sentimita 25 kwa 35, tayarisha:

Unga wa ngano mweupe, gramu 500.
Maji, mililita 350.
Hamira kavu, vijiko 2 vya chai visivyojaa sana.
Chumvi, vijiko 2 vidogo vya chai, vya kusawazisha.
Mafuta ya zeituni, vijiko 3 vikubwa vya kukandia na vingine 3 vya trei.
Majani ya rozimeri, vijiko 2 vikubwa.
Kwa kumwagia juu: maji mililita 60, chumvi nusu kijiko cha chai, na mafuta ya zeituni vijiko 2 vikubwa.

Mafuta ya zeituni ni ghali, na hatutaki mkate uwe mzigo kwa nyumba. Asiye na uwezo na akandie mafuta ya alizeti, zeituni aiweke kwa ajili ya juu tu, maana hapo ndipo ladha yake husikika. Mti huu Mwenyezi Mungu ameuapia katika Surat At-Tin, na katika Surat An-Nur umetajwa kuwa ni mti uliobarikiwa. Hata kidogo chake kina heshima.

Changanya unga na hamira, tia maji, kisha chumvi na mafuta. Hapa ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Kinyunya hiki ni chepesi mno kuliko cha chapati, hung'ang'ania vidole, nasi tukanyoosha mkono kuongeza unga. Mpwa wetu akatushika kifundo cha mkono. "La, mjomba. Ukiongeza unga utapata mkate mkavu. Loweka mkono kwa maji, na uusubiri." Tulifunika bakuli kwa dakika 15, na tulipofunua, kinyunya kilekile kilichokuwa matope kilikuwa kimeanza kushikana chenyewe. Shika upande mmoja, uvute, uukunje juu ya mwingine; zungusha bakuli, ufanye hivyo pande zote nne. Rudia mara tatu kwa kupumzisha baina yake. Huko ndiko kukanda kwake.

Funika, uache kiumuke mpaka kiwe maradufu. Vitabu vya Ulaya husema saa moja na nusu au zaidi. Kwa joto la pwani huenda saa moja ikatosha, na wakati wa kaskazi pungufu ya hapo. Tazama kinyunya, usitazame saa. Tumia maji ya kawaida ya mtungini, wala usiyapashe moto. Na katika Ramadhani kuna njia nyepesi: punguza hamira iwe nusu kijiko, kanda baada ya tarawehe, weka katika friji usiku kucha, na utoe alasiri. Kinyunya kilicholala hivyo huwa kitamu zaidi.

Paka trei mafuta kwa ukarimu, kwa sababu sehemu ya chini yapaswa kukaangika kidogo. Mimina kinyunya, ukitandaze taratibu hadi pembeni. Kikikataa na kurudi nyuma, usikilazimishe. Kiache dakika 10 kisha ujaribu tena. Kiache kiumuke mara ya pili kwa nusu saa au zaidi.

Sasa paka vidole mafuta na uvizamishe wima katika kinyunya mpaka uiguse trei, safu kwa safu. Vishimo hivi si mapambo. Huzuia mkate usifure mahali pamoja, na ndani yake hutuama yale maji ya chumvi na mafuta, ambayo utayapiga pamoja na kuyamwaga juu ya uso wote. Utaona kama umeyamwagia kupita kiasi. Usiogope, mkate utayanywa. Nyunyiza rozimeri, ukiigusisha mafuta kwanza ili isiungue. Oregano au zaatari pia zafaa. Ama mrehani, jani lake ni laini na huungua. Utie mkate ukishatoka motoni.

Oka katika oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 220, kwa dakika 20 hadi 25, mpaka uso uwe wa dhahabu. Asiye na oveni na afanye kama afanyavyo mkate wa sinia: moto mdogo chini na makaa mengi zaidi juu ya kifuniko, akichungulia mara kwa mara. Ukiiva, utoe katika trei uukalishe juu ya waya, ili mvuke usiulainishe chini.

Mkate huu ni wa siku hiyohiyo. Ukibaki, ufunike kwa kitambaa na uupashe moto kesho yake; friji huukausha upesi. Twaupenda pamoja na mchuzi wa samaki, na watoto huubeba shuleni bila malalamiko. Na wakiwepo jikoni, waachie kazi ya vishimo. Hakuna mtoto anayehitaji kufundishwa mara mbili.

Sahani ya pili

Siku ile mkate ulitoka tumekaribia Magharibi. Mpwa wetu aliukata vipande, akaupanga katika sahani, na tukamwomba tuibebe sisi. Tuliipitisha kwa majirani walewale waliokuwa barazani usiku ule, na kila mlangoni tulisema alichotia ndani yake, kimoja kimoja, na tukasema kwamba tulikosea. Mzee mmoja alisema mafuta yamezidi. Mwingine alirudisha sahani tupu akauliza kama kuna zaidi. Mpwa wetu alipoisikia habari ya yule wa kwanza alicheka, na hicho ndicho kicheko tulichokifuata kutoka Mombasa.

Wenzetu tunaokalishwa mahali pa heshima, tujue kwamba mkono wetu haurudi peke yake. Ikiwa kuna shaka, na tuulize. Tuulize kwa sauti ya chini, jikoni kabla ya busati, na tumsikilize anayejibu hadi mwisho. Qur'ani Tukufu imetutahadharisha na wingi wa dhana, na hatukuambiwa kwamba mpishi hahusiki.

Nanyi mabinti mnaofanya kazi katika majiko ya watu, mlichojifunza huko kwa jasho lenu ni elimu. Kilicho safi katika hiyo kileteni nyumbani, mtufundishe.

Tukutane juma lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.