Nitumieni Miti Yenu ya Desemba

Ndugu zangu mlioko Moshi, Arusha, Tanga, Dar es Salaam, Unguja, na popote barua hii itakapowafikia,

Huku London tunaendelea vizuri, shida ni baridi na giza tu. Mwezi huu jua linazama kabla ya saa kumi jioni, watoto wanatoka shule taa za barabarani zimeshawashwa. Nimeona niandike mapema, kabla mabasi ya kwenda Moshi hayajaanza kujaa, kwa sababu nina ombi, na ombi lenyewe linamfaa zaidi aliye safarini. Sikukuu hizi nitumieni picha za miti ya nyumbani. Nataka miti hai, ile inayochanua Desemba hii hii mbele ya macho yenu.

Kundi letu la ukoo nalijua. Ikifika tarehe 20 salamu zinamiminika, na karibu kila moja ina mti uleule: umechongoka juu, umefunikwa theluji, una nyota kileleni na kengele pembeni. Mtu yuko Moshi mjini, nje ya dirisha lake mkrismasi umewaka mwekundu kuanzia matawi ya chini hadi juu, maua yamemwagika mpaka kwenye mtaro, naye ananitumia mti wa Ulaya. Mti huo ninao huku, na ninautazama kila mwaka.

Niwasimulie kidogo habari zake. Kila Desemba pale Trafalgar Square husimamishwa mti mkubwa wa jamii ya misonobari, unaotoka misitu ya Oslo. Wakazi wa Oslo wameuleta kila mwaka tangu 1947, kuwashukuru Waingereza kwa kusimama nao wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hukatwa Novemba, ukavushwa bahari kwa meli, ukafungwa taa zinazoshuka kwa mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini, jinsi Wanorwei wafanyavyo kwao. Kwa kawaida urefu wake unazidi mita 20. Nimewapeleka watoto kuuona, na nasema kwa moyo mweupe kwamba ni mzuri. Lakini kilichonigusa kuliko taa ni hili: mji mmoja ulipotaka kuushukuru mji mwingine, ulikwenda kwenye msitu wake wenyewe ukachagua mti.

Tena desturi hii ya mti wa Krismasi ilisambazwa na picha. Wajerumani walikuwa nayo zamani, na hata hapa Uingereza ilikuwepo kwenye majumba ya wakubwa. Ila mwaka 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapisha mchoro wa Malkia Victoria, mumewe Prince Albert na watoto wao wamezunguka mti uliopambwa. Watu waliouona mchoro ule wakataka na wao mti sebuleni. Mwaka 1850 jarida moja la Marekani, Godey's Lady's Book, likauchapisha upya, likamwondolea malkia taji lake ili familia ile ionekane ya kawaida, na Wamarekani nao wakafuata. Leo kuna mtu Kariakoo anauza mti wa plastiki wenye pamba nyeupe kwenye matawi. Picha moja ilitembea namna hiyo. Mimi nataka na zetu zitembee.

Tuanze na huo mkrismasi. Najua wapo watakaoniambia kwamba nao ni mgeni, kwao ni Madagaska. Ni kweli, na mjakaranda umetoka Amerika ya Kusini, na mgrevilea wa mashambani kwetu ni wa Australia. Sina ugomvi na mgeni aliyekaa miaka mingi akatoa kivuli. Na huu unatoa kivuli kipana, maana matawi yake hutanuka kuliko unavyopanda kwenda juu. Ombi langu ni kwamba msiishie kuupiga kwa mbali. Okota ua moja, liweke kiganjani, lipige kwa karibu. Utaona petali tano: nne nyekundu tupu, ya tano imesimama peke yake, ina weupe au unjano katikati na michirizi na madoa mekundu. Nimekua chini ya miti hiyo, nikacheza na yale maganda yake marefu meusi yanayolia mbegu ukiyatikisa, lakini petali ile ya tano nimekuja kuiona ukubwani, tena pichani. Picha hiyo niliyotumiwa na binamu yangu ndiyo iliyonitia hamu ya kuomba nyingine.

Mtakaotoka Dar, mkishapita Mombo msilale. Kuanzia huko kuelekea Hedaru, Makanya na Same mtaikuta mibuyu upande huu na huu wa barabara, na milima ya Upare nyuma yake. Kama vuli imenyesha itakuwa na majani, na mbuyu wenye majani watu wengi wa mbali hawajawahi kuuona, kwa sababu picha zinazouzwa kwa watalii nyingi ni za kiangazi, mti ukiwa mtupu. Na anayelala karibu na mbuyu kipindi hiki cha kuchanua aende akautazame jua likizama. Ua lake ni kubwa, jeupe, linaning'inia kichwa chini kwenye kikonyo kirefu, na linafunguka magharibi. Usiku popo hulifuata kwa ajili ya asali yake na ndio wanaobeba chavua. Kesho yake linaanza kunyauka na kugeuka kahawia. Ni kazi ya usiku mmoja, na mwenye simu yenye taa anaweza kuniletea mpaka huku.

Wa Unguja, mnaijua miembe ya Bi Khole, binti wa Seyyid Said, kwenye barabara ya kwenda Bungi. Msimu wa maembe ndio huu. Sihitaji kusema zaidi.

Sasa nije kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Babu alikuwa na mfuruanje mmoja mkubwa juu ya migomba na kahawa. Kivuli chake kilifika jikoni kwa bibi. Ulikatwa mimi nikiwa huku, ukapasuliwa mbao, na kwa hilo simlaumu mtu, nyumba ilihitaji paa. Lakini nilipotafuta picha yake kwenye albamu zote za ukoo, sikupata hata moja. Tunazo picha za kipaimara, za harusi, za mazishi, na nyuma ya watu kuna kipande cha shina, gome la kijivu limekatwa na ukingo wa picha. Tuliupiga bila kuutazama kwa miaka yote. Watoto wangu wakiniuliza mti wa babu ulikuwaje, nawaonyesha kipande hicho nyuma ya bega la shangazi.

Ndiyo maana nasema nitumieni mringaringa na maua yake meupe, nitumieni msesewe ambao gome lake linatiwa kwenye pombe ya mbege, nitumieni hata masale ya mpakani. Isale si mti wa kustaajabisha mtalii, ila Mchaga akikujia nalo mkononi kuomba msamaha unajua kazi yake, na Desemba ni mwezi wa ndugu kupatana. Mtoto aliyezaliwa huku anapaswa kulijua kwa sura kabla hajaambiwa maana yake.

Picha inaweza pia kuulinda mti. Kumbukeni ule mugumo wa Nairobi kando ya Waiyaki Way, uliokuwa njiani mwa ujenzi wa barabara mpya ya juu. Mwaka 2020 watu walipaza sauti, picha zake zikazunguka, na Rais Uhuru Kenyatta akatoa agizo usikatwe. Ni vigumu kuutetea mti ambao hakuna aliyewahi kuuona. Na mlimani kwetu upo mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, uliopimwa na Andreas Hemp na wenzake, taarifa ikatoka 2016: mti wa asili mrefu kuliko yote ya asili iliyowahi kupimwa barani Afrika. Ni karibu mara nne ya ule wa Trafalgar Square. Umesimama bondeni Kilimanjaro kwa karne nyingi, na wengi wetu tuliozaliwa chini ya mlima huohuo hatujawahi kuona hata picha yake.

Kuhusu namna ya kupiga, nina machache. Pigeni asubuhi au alasiri, kwa sababu jua la mchana wa Desemba linakuwa utosini na rangi zinapauka. Rudini nyuma mpaka mti wote uingie, na mtu asimame shinani ili ukubwa ujulikane; bibi akikubali kusimama, hiyo ndiyo picha ninayoitaka kuliko zote. Kisha pigeni ua au tunda kwa karibu. WhatsApp inapunguza ubora wa picha, kwa hiyo mwenye kifurushi cha kutosha aitume kama faili. Asiye nacho atume hivyohivyo, nitashukuru. Na chini ya kila picha andikeni jina la mti kwa lugha ya nyumbani kwenu, jina la kijiji, tarehe, na nani aliupanda kama yupo anayekumbuka. Wazee wanaokumbuka wanapungua. Muulizeni mzee kwanza, mbuzi atasubiri.

Nitakazopata nitazisafisha dukani kwa ukubwa wa karatasi, tuzibandike ukumbini kwenye mkutano wetu wa Watanzania wa hapa baada ya mwaka mpya, zikiwa na majina yake yote. Tumeshakubaliana na wenzangu, na wa Kenya na Kongo wameomba walete za kwao.

Baba mdogo wa Pasua, naomba uanze wewe. Ule mkrismasi wa getini kwako upige wiki hii, kabla mvua haijayaangusha maua yote.

Wasalaam,
Ndugu yenu, London