Maumivu ya mguu yanayomwamsha mtoto usiku si ya kukanda

Watoto wa kando ya ziwa hawatulii. Wanacheza mpira mchangani, wanaruka juu ya mawe, wanasaidia kuvuta nyavu, wanabeba ndoo za maji. Kwa hiyo mtoto wa miaka 12 akisema goti linamuuma, jibu la nyumbani huwa lile lile: umeumia mpirani, njoo nikukande. Mara nyingi mzazi anakuwa sahihi. Baada ya siku chache maumivu yanaisha na mtoto anarudi uwanjani.

Wiki hii tuzungumzie maumivu yasiyoisha.

Ipo saratani inayoanzia ndani ya mfupa wenyewe, inaitwa osteosakoma. Ni nadra, na watoto wengi wanaolalamika miguu hawana ugonjwa huu. Hata hivyo, kati ya saratani zinazoanzia kwenye mifupa ya watoto na vijana, ndiyo inayoongoza. Huwapata zaidi wenye umri wa miaka 10 hadi 20, wakati mifupa inaporefuka kwa kasi. Mahali inapopenda ni karibu na goti: mwisho wa mfupa wa paja, au sehemu ya juu ya mfupa wa ugoko, chini kidogo ya goti. Nyingine ni sakoma ya Ewing, ambayo inaweza kuleta homa na kumfanya mtu adhani ni usaha kwenye mfupa.

Mpira hausababishi saratani hii. Mtoto anapoanguka, tunaangalia mguu wake kwa mara ya kwanza na kuona uvimbe ambao tayari ulikuwepo. Kwa hiyo neno "aliumia" lisitufanye tuache kuuliza.

Dalili za kuangalia ni hizi:

- Maumivu ya sehemu moja, mguu mmoja, yanayozidi wiki baada ya wiki.
- Maumivu yanayomwamsha usiku, au yasiyotulia hata akipumzika na kunywa panado.
- Uvimbe mgumu unaokua, wakati mwingine wenye joto na mishipa inayoonekana juu ya ngozi.
- Kuchechemea, au goti kushindwa kukunjika vizuri.
- Mfupa kuvunjika kwa tukio dogo ambalo lisingeweza kuvunja mfupa mzima.

Si kila uvimbe wa mguu ni saratani. Watoto wanaocheza sana huota kinundu chini ya goti pale mshipa unaposhikana na mfupa, na hupona wakimaliza kukua. Wapo wenye vinundu vya mfupa visivyo na saratani, wenye usaha kwenye mfupa, wenye kifua kikuu cha mifupa, na hapa Kanda ya Ziwa wapo wengi wenye seli mundu ambao maumivu ya mifupa ni sehemu ya maisha yao. Kwa macho na kwa mikono huwezi kutofautisha haya yote. Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni picha ya eksirei, na hospitali ya wilaya inaweza kuipiga.

Maumivu ya mfupa yakipita wiki mbili bila kupungua, au uvimbe ukiongezeka, omba picha mbili: ya mbele na ya pembeni, zikionyesha goti na mifupa iliyo juu na chini yake. Ukiwa umeshaandikiwa dawa za maumivu mara mbili bila mguu kupigwa picha, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, tunaweza kuupiga picha?"

Wakati unasubiri, usiukande uvimbe huo, usiuchanje chale, usiufunge vipande vya miti. Najua katika baadhi ya familia zetu mguu ukivimba bila sababu, wazee husema mtoto "amekanyaga kitu" au ametegewa. Sitaki kugombana na wazee. Wanaotaka kuomba dua waombe, lakini picha ipigwe wiki hiyo hiyo. Saratani hii husafiri kwa damu hadi kwenye mapafu, na miezi mitatu ya kuzunguka kwa waganga inaweza kuwa tofauti kati ya kupona na kutopona.

Picha ikitia shaka, mtoto hupewa rufaa. Kwa mikoa yetu, mara nyingi ni Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyopo Mwanza tangu 1971, yenye madaktari wa mifupa na idara ya saratani. Wanaotoka Ukerewe bado wanategemea meli, lakini wa Sengerema na Geita tangu 2025 wanavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi badala ya kusubiri kivuko.

Huko huchukuliwa kinyama kidogo kwenye uvimbe na kupimwa maabara. Ni vizuri kifanyike chini ya timu itakayomfanyia upasuaji, kwa sababu njia ya sindano nayo huondolewa baadaye. Kifua hupigwa picha kuangalia mapafu. Kuchukua kinyama hakuisambazi saratani mwilini, kama wengi wanavyoogopa. Kinachoipa nafasi ya kusambaa ni kuchelewa.

Matibabu ya osteosakoma huwa na hatua tatu: dawa za tibakemia, upasuaji, kisha tibakemia tena. Kwa wengine daktari hutoa kipande cha mfupa na kuuacha mguu. Kwa uvimbe uliokua sana, mguu hukatwa. Hapa ndipo familia nyingi huondoka wodini usiku na kutorudi.

Naomba mnisikilize. Kabla ya tibakemia, waliokatwa mguu peke yake walipona chini ya mmoja kati ya watano. Leo, penye matibabu kamili na ugonjwa usiofika mapafuni, hupona takriban sita hadi saba kati ya kumi. Edward Kennedy Mdogo, mtoto wa seneta wa Marekani, alikatwa mguu mwaka 1973 akiwa na miaka 12, akapewa dawa ambazo wakati huo zilikuwa mpya. Alikua, akawa mwanasheria, kisha seneta wa jimbo la Connecticut. Kwetu, wataalamu wa miguu ya bandia wanafundishwa KCMC Moshi tangu miaka ya 1980.

Kikao cha ukoo kikikaa, mkaribisheni daktari ajibu maswali ya babu na wajomba, na mtoto aelezwe ukweli kwa lugha anayoielewa. Kuhusu gharama, muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza, kabla hamjauza ng'ombe au mtumbwi. Na msiache dozi katikati kwa sababu uvimbe umepungua.

Leo jioni muulize mwanao swali moja: mguu unakuuma hata ukiwa umelala?