Miwani Niliyowavisha Mimi

Leicester, Uingereza

 Wakubwa zangu na wadogo zangu wa kwetu Muheza,  barua hii nimekusudia muisome nyote, ndiyo maana sikuituma kwenye simu ya mtu mmoja.

Usiku mmoja wa zamu, katika nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi, nilikuwa nikimsimulia mwenzangu habari za kwetu: machungwa yaliyopangwa mafungu kando ya barabara, jirani aliyekuja kuomba chumvi akaondoka na bakuli la futari, na jinsi msiba ukitokea mtaa mzima unavyohamia kwa mfiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba nimevaa miwani ya rangi ya waridi. Nilidhani anazungumzia yake. Yeye ana kipandauso, na taa za dari humtesa, basi huvaa vioo vilivyotiwa rangi ya waridi vinavyopunguza ukali wa mwanga.

Kumbe ni msemo wao. Humwambia hivyo mtu anayeona mazuri peke yake, kasoro zote zimempotea. Ni msemo wa zamani. Thomas Hughes aliutumia mwaka 1861 katika riwaya yake ya *Tom Brown at Oxford*, akimweleza kapteni mmoja aliyeuona mji ule wa vyuo kama pepo ya duniani. Wajerumani wana miwani hiyohiyo, na Wafaransa husema mtu anayaona maisha kwa rangi ya waridi.

Nimeufikiria sana msemo huo nikiulinganisha na wetu: akipenda, chongo huita kengeza. Nauona wetu umefika mbali zaidi. Kwa Mwingereza kosa ni la kioo. Mvaaji anadanganyika, maskini, hajui. Kwetu hakuna kioo. Jicho limeliona chongo vizuri kabisa, na mdomo ndio ulioamua kuliita kengeza. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu ndivyo nilivyowafanyia.

Niliwaambia nina nyumba. Nina chumba kimoja, na jiko tunalitumia watu wanne. Niliwaambia nafanya kazi hospitali. Kazi yangu ni kuwaogesha wazee, kuwalisha, kuwageuza usiku wasipate vidonda vya mgongo, na kuwashika mkono wanapoita majina ya watoto wasiokuja. Ni kazi ya heshima na naipenda, wala sijui kwa nini niliona haya kuitaja. Picha zote mlizonazo ni za Julai: nimevaa miwani myeusi ya jua, nyuma yangu bustani, na jua la huku wakati huo huchelewa kuzama hadi saa tatu usiku imepita. Hamna hata moja ya Desemba, mwezi ambao giza huanza kuingia kabla ya saa kumi alasiri, na mimi naingia kazini gizani na kutoka gizani.

Picha hizo zinanikumbusha miwani mingine. L. Frank Baum, Mmarekani, aliandika mwaka 1900 hadithi ya mchawi wa Oz. Humo mna Mji wa Zumaridi, na kila anayefika langoni hufungwa miwani ya kijani kwa kufuli, ufunguo anabaki nao mlinzi wa lango. Baadaye yule mchawi anakiri kwamba mji wake hauna ukijani kuushinda mji mwingine wowote. Ni miwani tu. Filamu ya mwaka 1939 iliiacha sehemu hiyo, nami naisikitikia, maana ndiyo yenye kiini cha hadithi. Watu wa mji ule hawakujichagulia rangi. Walivishwa. Na nyinyi pia mlivishwa, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Mdogo wetu wa mwisho ameniandikia kwamba anataka kuuza eka mbili za michungwa za babu amlipe wakala, aje afanye kazi kama yangu. Mdogo wangu, nakusihi, usiuze. Mlango huo uliokuwa wazi kwa wahudumu wa wazee tangu Februari 2022, serikali ya Uingereza imeufunga kwa maombi mapya kutoka nje tangu tarehe 22 Julai 2025. Hata kabla ya hapo, kuanzia tarehe 11 Machi 2024, aliyeomba viza hiyo kwa mara ya kwanza hakuruhusiwa kuja na mwenzi wala watoto wake. Wakala anayekuambia vingine mwulize kuhusu haya mbele ya watu wazima, na hela usiitoe. Ukitaka kwenda ng'ambo kwa njia nyingine, nitakaa nawe tuichunguze pamoja, na safari hii nitakupa hesabu yangu yote: kodi ya pango, nauli, moto wa kupashia chumba, kinachobaki.

Najua nikisema haya wapo watakaodhani nimefika, sasa nawafungia wenzangu lango. Sina la kujitetea ila mwenendo wangu kuanzia leo.

Na ile miwani ya waridi ninayoitazamia Muheza, siioni kuwa kosa kubwa. Mwenzangu huvaa yake kwa sababu mwanga unamuumiza. Mimi huvaa yangu Desemba. Lakini hata nyinyi mmekuwa mkiniitia chongo kengeza. Mama alilazwa nikaambiwa ana mafua. Michungwa ilipata ugonjwa, nikaja kusikia kwa mgeni.

Nimeambatanisha picha. Ni kituo cha basi, saa kumi na mbili asubuhi, Desemba, natoka zamu. Sikuvaa miwani yoyote. Nitumieni nanyi picha ya shamba lilivyo leo, na mniambie fungu la machungwa msimu huu linauzwaje, na goti la mama limefikia wapi.

Dada yenu