Huenda si uvivu, ni tezi ya shingoni

Mama anaamka akiwa amechoka kana kwamba hakulala. Ananenepa ingawa chakula chake hakijaongezeka. Anahisi baridi wenzake wakivua makoti, anafunga choo, ngozi inakauka na hedhi inavurugika. Nyumbani anaitwa mvivu. Kazini anapewa barua ya onyo. Majirani wananong'ona kuwa amerogwa.

Msomaji, kabla ya kumhukumu, yafaa damu yake ipimwe.

Mbele ya shingo pana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo iitwayo thairoidi. Hutumia madini ya aidini kutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Msimamizi wake ni tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa njegere. Homoni za thairoidi zikipungua, pituitari hutoa kwa wingi homoni ya kuihimiza, iitwayo TSH. Zikitosha, hupunguza. Hivyo TSH ikiwa juu mno, kwa kawaida daktari hujua kwamba aliyezembea ni tezi, si mgonjwa.

Wengi hudhani chumvi yenye aidini imemaliza tatizo hili. Imepunguza rovu, ni kweli. Lakini kinga ya mwili inaweza kuishambulia tezi hata kwa mtu anayekula chumvi hiyo, na wanawake ndio huathirika zaidi. Wala si lazima shingo ivimbe.

Tiba si ngeni. Mnamo 1891, daktari Mwingereza George Murray alimtibu mwanamke kwa maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Aliishi miaka 28 zaidi. Siku hizi ni kidonge cha levothairoksini kila siku, kabla ya kula.

Kwa maoni yangu, daktari anayempa mgonjwa kama huyu vitamini kwa mara ya tatu bila kuagiza kipimo cha TSH anamkosea. Kwa mjamzito kosa ni kubwa zaidi, kwani katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni za mamake.

Si kila uchovu hutokana na thairoidi. Upungufu wa damu na kisukari pia huchosha. Wala usijinunulie dawa hii, kwani ikizidi huudhuru moyo. Lakini kipimo chenyewe kidai. Matusi ya uvivu hayajawahi kuponya tezi.