Honda ya baba mkwe na Kombi ya mume wangu

Mwezi huu sitajibu barua ya mtu. Nataka tuzungumze kuhusu jambo lililotokea ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nimemwomba mume wangu ruhusa kabla ya kuandika, akakubali. Ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini nimeanza na hilo neno ruhusa.

Yote yalianza na picha. Jioni moja mume wangu alinionyesha kwenye simu yake van moja ya Kimarekani iliyokuwa inauzwa kwa watu wanaokusanya magari ya zamani. Nje imechorwa miali ya moto, ndani viti vya ngozi nyeusi, na kila kona ina alama za pikipiki za Harley-Davidson, wale jamaa waliopo tangu mwaka 1903 pale Milwaukee. Wamarekani wana ugonjwa huo tangu miaka ya 1970: wanachukua van ya kawaida ya Ford, Chevrolet au Dodge, wanaitoa viti vya kiwandani, wanatandika zulia, wanaweka viti vya kuzunguka, sofa inayogeuka kitanda, mapazia na televisheni. Nyumba ndogo yenye matairi.

Nikasema, "Nzuri." Kosa langu la kwanza. Mimi nilisema nzuri kama unavyosema nguo ya mtu barabarani ni nzuri. Yeye alisikia "tununue."

MESEJI YA SAA NNE USIKU

Wiki tatu baadaye, simu yake ikiwa kwenye chaji mezani, ikaingia meseji ya muamala. Sikuwa napekua, naapa. Macho yalitua tu. Sh 1,500,000 zimeenda kwa mtu nisiyemjua.

Dada zangu, mnajua kilichopita kichwani mwangu. Nilishamchora huyo mwanamke mpaka rangi ya kucha zake. Nikamwamsha. Akakaa kitandani, akajikuna kichwa, akasema, "Mke wangu, ni Kombi."

Ilikuwa Volkswagen Kombi ya zamani, imelala kwenye gereji moja hapa Dar es Salaam, haitembei. Bei Sh milioni 7, yeye ametanguliza hiyo milioni moja na nusu. Fedha hizo zilikuwa sehemu ya akiba yetu ya kiwanja cha Kibaha, ambayo tulikuwa tunaikusanya kidogo kidogo kwa miaka miwili.

Mpango wake ulikuwa huu: Kombi ingenyooshwa bodi, ingepigwa rangi nyekundu na nyeupe za Honda, na ndani, nyuma ya viti, ingesimama Honda CG125 ya marehemu baba yake, iliyokuwa imefunikwa magunia ghalani kule Madibira. Safari yake ya ndoto ilikuwa kuipeleka Nairobi kwenye onyesho la Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambako majaji wanakagua magari na pikipiki za zamani mpaka chini ya boneti.

Niwe mkweli, wazo lenyewe si la kijinga. Hapa kwetu kupamba gari ni utamaduni. Nairobi matatu zinachorwa wanamuziki na wachezaji mpira mpaka zinaitwa nganya, na hata sheria za Michuki za mwaka 2004, zilizolazimisha mstari wa njano, hazikuua sanaa hiyo. Na Kombi ina heshima yake duniani. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, mwaka uliofuata Westfalia wakaanza kuigeuza gari la kulala, na ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani Brazil mwaka 2013. Kwa hiyo mume wangu hakuwa ametuma hela kwenye takataka.

Lakini kilichoniuma hakikuwa Kombi. Kilichoniuma ni kwamba kwa wiki tatu tulikula meza moja, tukalala kitanda kimoja, na hakusema.

TUNATEREMKA MADIBIRA

Tulikuwa tumeshapanga kwenda kumsalimia mama mkwe, kwa hiyo tukaenda tukiwa tumenuniana. Kutoka Dar mpaka Kitonga tuliongea maneno kama kumi. Kwenye kona za Kitonga nikashindwa kujizuia: "Hiyo Kombi yako ingepanda hapa?" Akajibu, "Injini yake haina rejeta, inapozwa kwa hewa, haichemki ovyo." Nikasema, "Mimi nachemka." Akacheka. Mimi sikucheka.

Pale Mafinga unaacha barabara kuu, unaiaga baridi ya Mufindi na misitu yake, unateremka kuelekea bonde la Usangu. Joto linaongezeka, na mashamba ya mpunga yanajitokeza. Madibira wanaijua wengi kwa mchele wake. Kuna skimu ya umwagiliaji ya karibu hekta 3,000 inayotumia maji ya mto Ndembera, na ndiyo iliyosomesha watoto wengi wa pale, mume wangu akiwa mmoja wao.

Mama mkwe alitupokea kwa "Kamwene!" yake ya kuimba. Lakini mama ni mama. Kufika usiku, tukichambua maharage, akauliza, "Wanangu, mmegombana nini?"

Mume wangu akaeleza yeye mwenyewe. Kwa kujiamini kabisa, maana alijua ameshika karata nzuri: ni pikipiki ya baba, ni kumbukumbu ya baba, mama atasema nini?

Mama akachambua maharage kimya. Halafu akasema, "Hiyo Honda baba yako aliinunua mwaka 1991. Tulikuwa tumevuna vizuri. Tulikubaliana fedha ile ni ya mabati, nyumba ilikuwa ya nyasi. Akaenda Mafinga kununua mabati. Nikasikia honi uani."

Sikujua niangalie wapi.

"Mvua ya mwaka ule ilitunyeshea ndani. Nikasema sitaipanda. Watu walimwona anapita nayo peke yake, wakadhani mke wake anaogopa pikipiki. Nilikuja kuipanda nilipopata uchungu wa mdogo wako, usiku, hakuna gari. Ikanifikisha zahanati. Imenisaidia, siwezi kusema uongo. Lakini kusaidiwa na kuulizwa ni vitu viwili, mwanangu. Baba yako nilimsamehe. Ila kuniuliza, hakuniuliza mpaka anakufa."

Mume wangu alinyamaza. Miaka yote alikuwa anaikumbuka Honda ile kama furaha ya nyumba yao. Alikuwa mtoto wa miaka sita, anakaa mbele kwenye tangi, upepo usoni. Hakujua kwamba kwa mama yake ile ilikuwa pia harufu ya nyasi zilizolowa.

HONDA INAWAKA

Asubuhi nikamkuta ghalani ameitoa magunia, amekaa chini anaiangalia. Nikakaa naye. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuliniambia tangu msiba: kwamba baba yake alipougua, yeye alikuwa Dar anasubiri likizo, na alipofika alichelewa kwa siku moja. Kombi ilikuwa namna yake ya kumbeba baba tena. Ndipo hasira yangu ilipoanza kushuka. Haikuisha, ila ilishuka.

Halafu akaenda kwa mama, akamuuliza, "Mama, nikiitengeneza hii Honda, wewe unataka iende wapi?" Mama akajibu bila kufikiri, "Ibaki hapa. Mdogo wako anipelekee mpunga mashineni."

Hapo ndoto ya Nairobi ikafa kifo cha kawaida.

Tukaita fundi kutoka kijiwe cha bodaboda. Mimi nilidhani spea za pikipiki ya zamani vile hazipatikani. Kijana akacheka. Honda walipobuni ile familia ya CG katika miaka ya 1970 walilenga nchi kama zetu, ambako mtu anabebesha pikipiki mizigo mizito na kumwaga oili anasahau. Kwa hiyo walitengeneza injini rahisi na ngumu, na baadaye Wachina wakaiga muundo huo kwenye pikipiki nyingi tunazopanda leo. Kwa maneno mengine, bodaboda iliyopaki pale kijiweni ni mjukuu wa Honda ya baba mkwe. Spea kadhaa zikaingia bila shida. Akaosha kabureta, akaondoa kutu kwenye tangi, akabadilisha plagi, cheni, kebo ya klachi na matairi. Jumla Sh 480,000, na safari hii nililipa nusu mwenyewe.

Siku ya tatu ikapigwa kiki mara tisa, ikakohoa, ikawaka. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mume wangu akageuza uso, akijifanya anafuta oili.

Muuzaji wa Kombi alirudisha milioni moja. Laki tano ikaenda na maji, na kiwanja kikasogea mbele miezi kadhaa. Bado nikiikumbuka inaniuma.

TULICHOKUBALIANA

Msidhani mimi ni malaika. Siku tulipokaa kuongea, ilibidi nami niseme kwamba nilikuwa nacheza mchezo wa kila mwezi ofisini, na zamu yangu ilipofika hela ilikwenda kwenye vitenge na saluni, yeye akiambiwa vilikuwa zawadi ya rafiki. Kiasi kidogo, ndiyo, ila siri ni siri. Basi tukaandika yafuatayo, nanyi mnaweza kuyachukua:

Kwanza, kila mmoja ana fedha yake kidogo ya mwezi ambayo haiulizwi. Akinunua kofia kumi, shauri yake.

Pili, chochote kinachozidi Sh 200,000 kinasemwa kabla ya kulipwa. Kabla, siyo baada.

Tatu, akiba yenye jina haiguswi na mmoja. Fedha ya kiwanja ni ya kiwanja.

Nne, ndoto haikatazwi, inapewa foleni. Kombi ina kibubu chake sasa, na itakuja baada ya kiwanja. Na ikija, tutaikagua wawili: kutu chini ya sakafu kabla ya rangi, maana bodi iliyooza inafichwa na puti kama uso unavyofichwa na poda, kadi na jina la mmiliki kabla ya kutanguliza hata shilingi, na tukibadilisha rangi au injini, taarifa ziende TRA kadi irekebishwe. Wale mnaowaza kuagiza van ya Marekani, kumbukeni usukani utakuwa upande mwingine, na gari kuukuu linapoingia nchini hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu. Fanyeni hesabu mkiwa wawili, na kalamu.

Juzi mdogo wake alitutumia picha. Mama mkwe amekaa nyuma ya Honda, kitenge kimefungwa vizuri, gunia la mpunga mbele, anacheka. Mume wangu ameiweka kwenye simu yake pale ilipokuwa picha ya ile van.

Wewe je, kuna mabati gani mwenzako anayasubiri wakati wewe unapiga honi uani? Muulize leo, kabla hamjalala. Tukutane mwezi ujao.